Nimehamia pati taimu siku 3 kwa wiki, bado naweza kupanda au ndo nimesimama hapa?

Binti_Jedwali aliandika:

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu, na mnivumilie maandishi ni marefu manake hili jambo nimekaa nalo peke yangu miezi minne sasa.

Mimi ni mchambuzi wa data, nina miaka tisa kwenye hii kazi, sita kati ya hiyo nipo hapa hapa nilipo. Mapema mwaka huu baba alipata kiharusi, upande wa kulia ukaisha nguvu kabisa, na mazoezi anayofanyishwa nyumbani yanataka mtu awepo sio mtu apite. Dada yangu akachukua siku zake na mimi nikachukua zangu, nikaomba kazini nifanye Jumatatu, Jumanne na Jumatano tu. Walikubali fasta, barua ikatoka, mshahara ukashuka mpaka asilimia 60 ya ule wa mwanzo. Nilishukuru na bado nashukuru.

Sasa shida. Siku zimepungua na mshahara umepungua, kazi haijapungua hata kidogo. Ripoti ya mwezi ni yangu, maswali ya idara zote yanakuja kwangu, kuna vijana wawili wapya nawafundisha mimi, na lile faili kubwa la mahesabu ambalo kila mtu analitegemea ni mimi nililitengeneza kwahiyo likigoma napigiwa mimi. Alhamisi iliyopita baba alikuwa kwenye kiti anafanya zoezi la kufungua na kufunga kiganja, unahesabu naye mpaka kumi halafu anapumzika. Mimi laptopu iko magotini narekebisha fomula, nikanyamaza katikati bila kujua. Akaniangalia akasema kwa shida sana, "saba". Yeye ndo alikuwa anaendelea kuhesabu. Nilienda kulia jikoni.

Na juu ya hilo, nafasi ya kiongozi wa timu imetangazwa kwa watu wa ndani. Hiyo nafasi nimeisubiri miaka. Nilipomgusia bosi akasema kwa upole tu, "tutaliongea ukirudi fulu taimu". Hakusema kwa ubaya, lakini mimi sijui nitarudi lini, na nikiwa mkweli sijui kama nataka kurudi siku tano hata baba akipona.

Naomba kuuliza, kuna mtu humu amepanda kweli akiwa pati taimu? Sio kubaki kwenye kiti chake tu, kupanda. Na huu mzigo nausemaje kazini bila kuonekana sina shukrani?

---

Msimamizi_Mstaafu alijibu:

Pole sana binti yangu kwa maradhi ya mzee, Mungu amjalie nafuu. Mimi nimesimamia watu zaidi ya miaka ishirini na wengi wao walikuwa pati taimu, nakwambia kitu ambacho bosi wako pengine hajakikalia chini akakipigia hesabu, kwasababu na mimi nilichelewa kukipigia.

Chukua wiki ya masaa 40. Ndani yake kuna vitu havipungui hata ukipunguza siku: kikao cha timu, kikao cha idara, kusoma imeli, kujibu "naomba unisaidie dakika moja", mafunzo ya lazima. Tuseme hivyo vinakula masaa 7 kwa wiki. Mtu wa fulu taimu anabaki na masaa 33 ya kazi yenyewe. Wewe wa siku 3 una masaa 24, toa yale yale 7, unabaki na 17. Umeona? Mshahara wako umekatwa asilimia 40 lakini muda wako wa kufanya kazi halisi umekatwa karibu nusu. Kwahiyo hata wangekupunguzia kazi asilimia 40 kamili bado ungekuwa umezidiwa, na wewe hawajakupunguzia chochote. Acha kabisa kujilaumu kwamba huna kasi, masaa hayo hayapo.

Wapo watakaokwambia mtu wa pati taimu anafanya kazi ya siku tano ndani ya siku tatu kwasababu hapotezi muda. Watakutajia na Parkinson, yule Mwingereza aliyeandika kwenye The Economist mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka ikajaza muda uliopo. Kuna ukweli ndani yake, mwezi wa kwanza kweli unakata upuuzi na unashangaa ulikuwa unapoteza muda kiasi gani. Lakini upuuzi ukishaisha hamna tena cha kukata, unaanza kukata usingizi na Alhamisi za baba yako. Angalia Iceland, walifanya majaribio ya kupunguza masaa kati ya 2015 na 2019, wafanyakazi zaidi ya 2,500, wengi wakatoka masaa 40 kwenda 35 au 36 bila kukatwa mshahara. Lile halikufanikiwa kwa kuwaambia watu wakimbie zaidi. Walikaa wakapanga kazi upya, vikao vikafupishwa, vingine vikaondolewa kabisa, zamu zikabadilishwa. Na pale walipunguza masaa manne au matano tu, wewe umepunguza 16.

Nifanye nini sasa? Kaa na karatasi, andika kila unachofanya, sio yale ya kwenye mkataba, yale unayoyafanya kweli, mpaka zile simu za Alhamisi. Mbele ya kila kimoja weka masaa. Jumlisha. Itatoka 35 au 38 huko. Hiyo karatasi ndo mazungumzo yako na bosi, usiende na hisia, hisia utanieleza mimi hapa.

Na usimwambie "nimezidiwa", manake hilo neno linamfanya akuonee huruma na akishakuonea huruma hakupi nafasi ya kuongoza timu. Mwambie hivi: "Haya ndo yaliyopo mezani kwangu, jumla masaa 37, mkataba wangu ni 24. Nimependekeza haya manne yaende kwa fulani na fulani, na hili moja liachwe kabisa kwasababu sijaona anayelisoma. Naomba uniambie kama mpangilio wangu ni sahihi au unataka nibadilishe lipi liondoke." Hapo hujalalamika, umefanya kazi ya kiongozi. Mimi nilipoletewa karatasi ya namna hiyo mara ya kwanza nilishtuka, nilikuwa sijui kabisa yule dada anafanya vitu kumi na nne.

---

Mfamasia_wa_Jioni alijibu:

Dada pole na hongera kwa kumshika mzee. Mimi ni mfamasia, mwaka wa saba huu nafanya pati taimu na mwaka jana nimekuwa msimamizi wa wenzangu, kwahiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, ipo. Ila nataka nikueleze kwanini kwenye fani yangu imewezekana, sio kwamba mimi ni hodari kuliko watu wengine.

Kuna mama mmoja mchumi anaitwa Claudia Goldin, alipata Nobel ya uchumi mwaka 2023, yeye amechunguza kwa miaka mingi kwanini wanawake wanalipwa pungufu. Anaonyesha kwamba kuna kazi zenye ulafi, yaani ukitoa masaa mara mbili unalipwa zaidi ya mara mbili, kwasababu wanachonunua kwako ni kupatikana muda wowote usiku na mchana. Mwanasheria ambaye mteja anamtaka yeye tu. Kwenye kazi kama hizo anayepunguza masaa anaumia kwa kila saa, sio kwa yale aliyopunguza tu. Halafu yeye na mwenzake Lawrence Katz wakaangalia famasia za Marekani wakakuta hali tofauti kabisa, pati taimu kule haikupi adhabu kubwa kwa saa. Na sababu naiona kila jioni: mgonjwa akija na cheti chake cha dawa na mimi sipo, mwenzangu anafungua kompyuta anaona historia yote, dawa zenyewe zimeshasanifiwa viwandani, anamhudumia sawa sawa na ambavyo ningemhudumia mimi. Hakuna anayesema "mpaka fulani arudi".

Sasa nikageukia lile faili lako. Ile fomula iliyogoma Alhamisi, kwanini hakuna mwingine anayejua kuirekebisha? Nasema kwa upendo dada, usinichukie. Kuwa mtu wa lazima kila saa watu wanaona ni sifa, na kwa mtu wa fulu taimu labda ni sifa, ila kwako wewe ni kamba shingoni. Kadiri faili lilivyo kichwani mwako peke yako ndivyo Alhamisi na Ijumaa haziwi zako.

Najua hofu yako manake na mimi nilikuwa nayo, kwamba nikiwafundisha wote wataona hawanihitaji. Tofautisha vitu viwili. Kuna kujua faili linafunguliwaje na fomula ipo seli gani, hicho wape wote hata leo. Na kuna kujua namba hii ina mashaka, swali hili la idara limeulizwa vibaya, mwezi huu takwimu zimepanda kwasababu njia ya kuhesabu imebadilika na sio kwasababu hali imebadilika. Hicho cha pili ni miaka yako tisa, hakiibiwi kwa kuandika maelekezo. Na ndicho wanachokipandisha cheo.

Anza na kitu kidogo. Wiki ijayo likigoma, usilirekebishe wewe, kaa pembeni ya kijana mmoja alirekebishe yeye huku anaandika kila hatua. Itachukua masaa mawili badala ya dakika ishirini, kubali hiyo hasara mara moja.

---

Katibu_Tawi alijibu:

Naona wenzangu wameongelea kazi yenyewe vizuri, mi niongeze upande wa makaratasi manake nimeona watu wengi wakiumia hapa na wanagundua wakati wa kustaafu.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 175 wa mwaka 1994 ndo unaohusu kazi za pati taimu. Kwa ufupi unasema mfanyakazi wa pati taimu asilipwe kwa saa chini ya mwenzake wa fulu taimu anayefanya kazi ya namna hiyo hiyo kwasababu tu masaa yake ni machache, awe na haki sawa ya kujiunga na chama, usalama kazini, na kutobaguliwa, na likizo ya uzazi, likizo ya mwaka yenye malipo na likizo ya ugonjwa ziwe kwa masharti yanayolingana. Unafunga nchi zilizouridhia tu, kwahiyo angalia sheria ya kwako inasemaje. Umoja wa Ulaya una agizo lake la mwaka 1997 lenye msingi huo huo, Uingereza wakaweka kanuni zao mwaka 2000, na Uholanzi mwaka huo huo wa 2000 wakaenda mbali zaidi, wakampa mfanyakazi haki kisheria ya kuomba masaa yake yapunguzwe au yaongezwe, na mwajiri akikataa awe na sababu nzito.

Sasa kwako dada, barua ile iliyotoka fasta, isome tena leo usiku. Kuna mambo nataka uyatafute. Inasema mabadiliko ni ya muda au ya kudumu? Manake kama ni ya kudumu na ukija kutaka siku tano wanaweza kukwambia hamna nafasi. Wajerumani waliliona hili, toka 2019 wana sheria inayomruhusu mtu wa kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 45 kupunguza masaa kwa kipindi cha mwaka mmoja hadi mitano halafu arudi kwenye masaa yake ya mwanzo. Kama kwenu hamna sheria kama hiyo basi iandikwe kwenye barua yako. Pia pensheni, michango inakatwa kwenye mshahara mpya, hiyo inaeleweka, ila kuna mifuko inapiga hesabu ya mafao kwa mshahara wa miaka ya mwisho na kuna inayopiga kwa wastani wa miaka yote, jua wa kwako ni upi kabla miaka haijapita. Sikukuu zikiangukia Alhamisi wewe unafidiwaje? Na ukiitwa Ijumaa, unalipwa? Sehemu nyingi masaa ya nyongeza ya mtu wa pati taimu yanalipwa kwa kiwango cha kawaida mpaka afikie masaa ya fulu taimu ndo ovataimu ianze, lakini hata hicho cha kawaida watu hawadai. Wewe Alhamisi ile ulifanya kazi. Uliiandika popote?

Na hilo la "tutaliongea ukirudi", omba kwa maandishi, kwa heshima, kwamba je tangazo la nafasi linasema ni lazima iwe fulu taimu? Kama tangazo halisemi, una haki ya kuomba kama mwingine yeyote. Usigombane, uliza tu swali na jibu libaki kwenye imeli.

---

Binti_Jedwali alijibu:

Jamani nimesoma mara tatu. Mzee Msimamizi nimefanya ile karatasi jana usiku, imetoka masaa 39. Nimekaa nikaiangalia tu. Mfamasia sijakuchukia hata kidogo, umesema kweli, faili nimelishikilia, nadhani nililishikilia kwasababu ndo kitu pekee kilichokuwa kinaonyesha bado nina maana pale.

Katibu, barua yangu haisemi ya muda wala ya kudumu, imeandika tu "kuanzia tarehe". Na tangazo nimelisoma upya, halijataja masaa popote.

Swali langu lililobaki ni hili, kuongoza timu siku 3 inawezekana kweli? Alhamisi kukitokea jambo nani anaamua? Hilo ndo bosi ataniuliza na mimi mwenyewe sina jibu.

---

Nusu_kwa_Nusu alijibu:

Dada hapo umenigusa, hicho ndo ninachokifanya mwaka wa tano sasa. Mi na mwenzangu tunashika kiti kimoja cha uongozi, kila mmoja siku 3, yeye Jumatatu mpaka Jumatano, mimi Jumatano mpaka Ijumaa. Jumatano tunakutana wote, ndo siku ya vikao vyote, tulilazimisha vikao vya timu vihamie Jumatano na baada ya mwezi hamna aliyekumbuka vilikuwa siku gani. Mwajiri analipa siku sita badala ya tano, hilo bosi ataliuliza na uwe na jibu lake. Sisi jibu letu lilikuwa kwamba anapata vichwa viwili, mmoja akiugua au akienda likizo kiti hakibaki wazi, na mwaka wa kwanza tukajitolea tupimwe kila baada ya miezi mitatu.

Siri yake sio kupendana, ni ukurasa mmoja. Tunao ukurasa wa makabidhiano, anauandika yeye Jumanne jioni kabla hajafunga, mimi nauandika Ijumaa. Una sehemu nne tu: nini kimeamuliwa, nini kimebaki hewani na nani anakisubiri, nani kwenye timu anahitaji kuangaliwa wiki hii, na kitu gani usikiguse mpaka nirudi. Ile ya tatu ndo inaokoa. Aliwahi kuniandikia "kijana wetu wa pili hajasema neno kwenye vikao viwili, sijajua kwanini", mimi Alhamisi nikamwita tukakaa, kumbe alikuwa anaandika barua ya kuacha kazi. Bado tupo naye. Ukurasa ukizidi mmoja ujue mnaandikiana hadithi, rudini kwenye sentensi fupi.

Na kuna sheria moja hatujawahi kuivunja: aliyepo akiamua, imeamuliwa. Hata kama ningeamua tofauti, Jumatano naweza kumwambia tukiwa wawili, lakini kwenye timu sigeuzi. Siku mtakayoanza kugeuziana watu watajifunza kusubiri siku ya yule anayewapa jibu wanalotaka, kama watoto wanavyozunguka kati ya baba na mama.

Kama huna wa kushirikiana naye, basi kuwe na msaidizi wa Alhamisi na Ijumaa mwenye mamlaka kweli. Uandike kabisa anaamua nini bila kukuuliza na ni mambo gani mawili matatu tu yanayostahili simu kwako. Sisi tulikaa tukarudi nyuma miezi sita tukahesabu dharura za kweli, zile ambazo zisingeweza kusubiri mpaka kesho kutwa. Zilikuwa mbili.

Jambo jingine la siku zako. Jumatatu mpaka Jumatano mfululizo ina raha yake kwa baba, sikupingi. Ila jua kwamba kuanzia Jumatano jioni mpaka Jumatatu asubuhi ni siku nne nzima hauonekani, na watu wanaanza kusema "huwa hayupo" hata kama kazi yako ni nzuri. Kama dada yako anaweza kubadilishana siku, jaribu Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Ikishindikana, weka kwenye majibu ya imeli jina la anayeshika na siku utakayojibu. Usiandike "sipo ofisini kwa sababu za kifamilia", huna haja ya kujieleza kila wiki kwa kila mtu. Andika "Nipo kazini Jumatatu hadi Jumatano. Ujumbe wako nitaujibu Jumatatu. Jambo la haraka linashughulikiwa na fulani." Basi.

---

Saa_Zisizotabirika alijibu:

Naomba niseme neno kwa wengine wanaosoma hapa. Dada amechagua siku zake na barua anayo, lakini kuna sisi ambao pati taimu hatukuichagua, ndo iliyokuwepo. Mi nafanya masaa 20, wiki nyingine 12, na ratiba natumiwa kwenye simu usiku wa kuamkia wiki mpya. Huwezi kusoma kozi ya Jumanne jioni kama hujui Jumanne utakuwa wapi. Kwangu mimi kitu cha kwanza kupigania haikuwa masaa mengi wala cheo, ilikuwa ni kujua ratiba mapema. Nilimwomba msimamizi siku moja tu kwenye wiki isiguswe kabisa, siku moja, nikamwambia nyingine zote nipange unavyotaka. Akakubali. Hiyo siku moja nimemalizia cheti changu cha ufundi umeme, mwaka mmoja na miezi minne. Kwahiyo kama mtu unaanzia chini kabisa, usianze na karatasi ya masaa 39, anza na kuomba siku moja ambayo ni yako.

---

Msimamizi_Mstaafu alijibu:

Mdogo wangu hapo juu umeniongezea kitu, nimewapangia watu ratiba miaka yote na sikuwahi kufikiria kuulizwa hivyo. Hongera sana kwa cheti.

Binti Jedwali, suala la nafasi, omba. Na kwenye barua ya maombi usiombe radhi kwa siku zako tatu, andika timu itaendeshwaje Alhamisi na Ijumaa, nani anaamua nini. Bosi anayesema "ukirudi" mara nyingi hajakukataa wewe, hajawahi kuona picha ya siku ambazo haupo, na kichwani mwake zimejaa moto unaowaka. Mchoree.

---

Binti_Jedwali alijibu (baada ya wiki tatu):

Wakuu nimerudi, niliahidi moyoni kwamba nitawaletea majibu.

Karatasi nilimpelekea bosi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza "hii ya tisa nani alikupa?" Nikamwambia wewe, mwaka juzi. Imeondoka pale pale. Kwa jumla nimetoka masaa 39 mpaka 27, sio 24, ila tumekubaliana tarehe ya kuangalia tena, ipo kwenye imeli. Barua mpya imeandikwa mabadiliko ni ya miezi kumi na minane na nina haki ya kurudi siku tano nikiomba miezi miwili kabla. Katibu asante sana, hilo nisingelijua mpaka siku limeniuma.

Faili sasa wanalijua watu watatu. Kijana wa kwanza alichukua masaa matatu sio mawili, akaandika kurasa sita, na akagundua kosa langu la miaka miwili kwenye kuzungusha desimali ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Nilifurahi kuliko nilivyodhani nitafurahi.

Nafasi ya uongozi nimeomba, nikiwa na mwenzangu mmoja ambaye na yeye ana mtoto mdogo na alikuwa anafikiria kuacha kazi kabisa, nilipomweleza habari ya kiti kimoja watu wawili alinishika mkono. Tumeandika mpango wa ukurasa mmoja, Jumatano ndo siku yetu ya pamoja. Bosi hajasema ndiyo. Amesema watatuita wote wawili kwenye usaili kwa pamoja, kwahiyo Nusu kwa Nusu nakuomba sana, nyie mliulizwa nini siku ile? Na kama mlitofautiana jibu mbele yao mlifanyaje?

Baba tumefika ishirini. Alhamisi simu inakaa chumba kingine.

---

Nusu_kwa_Nusu alijibu:

Mungu mkubwa! Swali la kwanza walituuliza "mmoja wenu akiacha kazi, mwingine atafanyaje?" na hatukuwa tumejiandaa. Jiandaeni na hilo. Sisi tulikubaliana baadaye kwamba anayebaki anashika kiti peke yake kwa siku zake zile zile miezi mitatu huku anatafutwa mwingine, na yeye anakuwa kwenye usaili wa kumtafuta. Walituuliza pia tathmini ya mwaka ya mfanyakazi anaiandika nani, tukasema tunaiandika wawili na tunakaa naye wawili.

Kutofautiana, tulitofautiana palepale, mwenzangu alisema vikao viwe viwili kwa wiki mimi nikasema kimoja. Nikamwambia mbele yao "naomba unieleze kwanini viwili", akaeleza, nikaona ana hoja, nikasema basi tujaribu viwili kwa mwezi mmoja. Mmoja wa waliokuwa wanatuhoji aliandika kitu pale pale. Njoo inboksi nikutumie ule ukurasa wetu wa makabidhiano ulio mtupu, mjaze wenyewe kabla ya siku ya usaili mwende nao mkononi.